Kiraka Naye Apewe Namba

Msikilizaji, hapa Nyatike kila timu ina kijana wa aina hii. Kipa akichelewa kurudi kutoka ziwani, yeye ndiye anayevaa glavu. Beki wa kushoto akiumia, glavu zinavuliwa, anapelekwa kushoto. Mechi ya jioni pale Sori ikiisha ameshacheza nafasi tatu, kocha anamsifu mbele ya watu: huyu ndiye kiraka wangu! Jumapili inayofuata, walioumia wamepona, kiraka yuko benchi.

Leo namtetea huyo. Shahidi wangu wa kwanza namtoa mbali, kwenye besiboli. Octavio Rojas, maarufu kama Cookie, alizaliwa Havana, Cuba, mwaka 1939, akaenda kucheza Marekani. Mchezo ule una nafasi tisa uwanjani, na akiwa Philadelphia Phillies alizicheza zote. Hata kurusha mpira, kazi ya wataalamu, alipewa mwaka 1967. Ila katika miaka yake yote ya Philadelphia aliitwa kwenye mechi ya nyota mara moja tu, 1965. Mwaka 1970 akahamia Kansas City Royals, akakabidhiwa nafasi moja, ya kituo cha pili, iwe yake. Kuanzia 1971 hadi 1974 akaitwa kila mwaka. Alikuwa mtu yuleyule, tena umri umesogea.

Jirani zetu wa Tanzania wanaye Erasto Nyoni: beki wa kati, beki wa pembeni, kiungo mkabaji, popote utakapo. Juni 2007, akiwa na miaka 19, alifunga bao pekee Taifa Stars ilipoilaza Burkina Faso kwao Ouagadougou. Machi 2019, Dar es Salaam, Tanzania ikiongoza Uganda 1-0, ikapatikana penalti. Mpira akapewa nani? Nyoni. Akaweka wavuni, mechi ikaisha 3-0, na Tanzania ikarudi Kombe la Afrika, mara ya kwanza tangu 1980. Anayeaminiwa penalti kama ile si wa kuziba pengo.

Makocha wa Nyatike, mtoto mjaribuni kila mahali, sina ubishi. Lakini akifika umri wa kutazamwa na timu kubwa, tuseme SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa ligi kuu mwaka 2006, mpeni nafasi moja msimu mzima. Nani atamsajili mchezaji ambaye kila akija kumtazama anamkuta kwingine? Msimu huu, kocha, mpe namba yake.