Kuchagua Kemshafti ya Kuongeza Nguvu kwa Injini Ndogo: Mfano wa Toyota 4K



Kemshafti mnaijua: mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, unaozunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili. Mwinuko ni umbali valvu inaosogea kutoka kwenye siti. Muda wa kufunguka huhesabiwa kwa digrii za krenki. Tusikae hapo.

Niliombwa nieleze uchaguzi mzima, ila nitakaa kwenye jambo moja linalotuharibia injini kila mwaka: kununua kwa namba kubwa ya kwenye boksi. Mwenye Corolla KE70 yenye injini ya 4K ya cc 1290 anaona kemshafti ya digrii 280, anaamini imeishinda ya 256. Namba hiyo peke yake haitoshi. Mtengenezaji mmoja huanza kuhesabu tapeti ikiinuka kidogo tu, mwingine hungoja ifike milimita 1.27. Kemshafti mbili za 280 zinaweza kutofautiana kabisa.

Swali kubwa ni valvu ya kuingiza hufunga lini. Chukua nundu yenye pande sawa, kilele kikiwa digrii 108 baada ya pistoni kufika juu. Ya 256 hufunga digrii 56 baada ya pistoni kufika chini. Ya 280 hufunga digrii 68. Katika 4K, ambayo pistoni yake husafiri milimita 73, ya kwanza hufunga pistoni ikiwa imepanda kama moja ya sita ya safari yake. Ya pili, robo. Injini ikizunguka kwa kasi, msukumo wa hewa unaendelea kujaza silinda. Ikizunguka polepole, hewa ile inarudishwa kwenye kabureta. Na hapa Nairobi, takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa tayari imepungua karibu moja ya tano. Gari lililopanda mlima kwa gia ya tatu sasa linataka ya pili, na mteja anarudi kulaumu kabureta.

Simtaji muuzaji yeyote, wala sisemi biashara izuiwe. Lakini kuuza kemshafti bila kadi ya vipimo, inayoonyesha digrii hizi na mwinuko uliotumika kuzihesabu, ni kumdhulumu mnunuzi, na tumelisema hili mara nyingi mno.

Napendekeza duka lisiuze bila kadi, na fundi asifunge bila kadi. Digrii zilinganishwe kwa mwinuko uleule. Mteja aulizwe gari litafanya kazi gani, na wapi. La kila siku huku juu lipewe muda mfupi. Anayetaka mrefu aongeze kwanza mgandamizo kwa kunyoa silinda hedi. Akishanyoa, apime: abandike plastisini juu ya pistoni, afunge hedi na gasketi, azungushe krenki kwa mkono mara mbili, afungue, akate plastisini na kupima unene uliobaki. Usipungue milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa. Springi zikaguliwe zisibanane kwenye mwinuko wa mwisho. Kemshafti mpya ifungwe na tapeti mpya. Kadi, narudia, isomwe kabla ya pesa kutolewa. Vyuo navyo viweke karakanani dayal geji na sahani ya digrii, ili mwanafunzi aweze kuipima mwenyewe kemshafti iliyokuja bila kadi.