Kununua Behewa la Zamani: Bei Siyo Gharama



Huko Marekani wako watu binafsi na vyama vinavyonunua mabehewa ya abiria yaliyokwisha kuondolewa kazini, wakayatengeneza upya na kuyarudisha relini. Mfano huo wafaa kuangaliwa, kwa maana swali linalomkabili mnunuzi wa behewa ndilo linalokikabili chama kinapoletewa lori kuukuu kwa bei nafuu: je, fedha za wanachama zinanunua mali, au zinanunua mzigo?

Jambo la kwanza ni mwili wa behewa. Kampuni ya Budd ilijenga karibu mwili wote kwa chuma kisichoshika kutu. Mabehewa kadha wa kadha ya Pullman-Standard yalijengwa kwa chuma cha namna nyingine, kisha yakavikwa mabati yang'aayo. Maji yalipenya nyuma ya mabati hayo, na kutu ikala ndani kwa ndani. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara humlipa kwanza fundi aingie chini ya behewa na kukagua chuma chenyewe, ndipo amlipe mwenye mali.

Jambo la pili ni mitambo. Zamani mabehewa yalipashwa joto kwa mvuke uliotoka kwenye kichwa cha treni. Shirika la Amtrak, lililoanza kuendesha treni mwaka 1971, liliacha mvuke hatua kwa hatua na kutumia umeme wa volti 480. Behewa la kale halina budi kutiwa nyaya mpya ndipo lifae katika treni hizo. Aidha, mabomba mengi ya mvuke yalifungwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Kuiondoa ni kazi ya mafundi maalumu. Nyaya, breki na magurudumu havionekani katika picha ya mwuzaji, lakini ndivyo vinavyokula fedha kuliko rangi na viti.

Jambo la tatu ni kazi ya behewa. Mwenye behewa si mwenye reli. Mwaka 2018 Amtrak ilipunguza vituo na safari ambamo mabehewa ya watu binafsi yangekubaliwa, na wenye mabehewa, hata waliokwisha kugharimia matengenezo, hawakuwa na la kufanya ila kufuata.

Jambo la nne ni muda. Huko Ulaya, mfanyabiashara James Sherwood alinunua mabehewa mawili ya kale katika mnada wa Monte Carlo mwaka 1977. Mawili hayafanyi treni; ikambidi kutafuta mengine zaidi ya 30. Treni yake ya London hadi Venice ilianza safari mwaka 1982, yaani miaka mitano baadaye. Mfuko wake uliweza kungoja.

Basi, kabla ya kura kupigwa, mkutano na uulize: Nani amekikagua kitu hiki? Kitafanya kazi gani, na kwa idhini ya nani? Fedha za bima, maegesho na ukaguzi wa kila mwaka zitatoka wapi? Majibu yakipatikana, katibu na ayaandike katika kumbukumbu, na wanachama waamue. Yakikosekana, kukataa siyo woga. Ni kulinda amana ya wanachama.