Kutetemeka Nako ni Kazi



Leo tuongee juu ya wale wazee wetu ambao mkono hutetemeka hata wakiwa wamekaa tu, mwili ni mgumu, na kutembea ni kwa hatua fupi fupi. Wengi wao wanakonda mwaka hadi mwaka. Majirani wanasema mzee amerogwa, au ati mke wa mtoto wake anamnyima chakula. Sisi tukiwatembelea tunakuta familia inapika na kulisha, lakini maneno hayo yameshawavunja moyo.

Ugonjwa huu unaitwa Parkinson, kwa jina la daktari wa London aliyeuandikia mwaka wa 1817. Ndani ya ubongo, chembe zinazotengeneza dopamini zinakufa pole pole, na bila dopamini ubongo hauwezi kuongoza mwendo wa mwili sawasawa. Hauambukizi, wala si uchawi.

Lakini kukonda kunatoka wapi? Jibu moja limeonekana kwa wagonjwa waliopasuliwa. Mwaka wa 1987, huko Grenoble, Ufaransa, Dk. Alim-Louis Benabid na wenzake walianza kutuliza mtetemeko kwa umeme. Waya mwembamba huingizwa ndani ya ubongo, na betri ndogo huwekwa chini ya ngozi ya kifua. Mtetemeko hutulia na mwili hulegea, ingawa ugonjwa wenyewe haujapona.

Sasa sikilizeni. Wengi wa waliopasuliwa wakaanza kunenepa, kilo kadhaa ndani ya mwaka wa kwanza, hata wengine ambao hawakuongeza chakula. Watafiti walipowapima wakakuta mwili unatumia nguvu kidogo kuliko zamani. Hiyo si sababu ya pekee, kwa maana dawa nazo hupunguzwa, na umeme unaweza kugusa sehemu za ubongo zinazohusu hamu ya kula. Kwa aliyekonda, kilo hizo ni nafuu. Zikipita kiasi zinaweza kuleta sukari na presha, kwa hiyo mgonjwa hufuatiliwa uzito.

Somo letu ni hili: kutetemeka na kukakamaa ni kazi. Mzee aliyekaa kwenye kiti, mkono ukicheza kutwa, anachoma chakula ingawa hajashika jembe.

Upasuaji huo ni ghali sana na wengi wetu hatutaufikia. Lakini mizani na sufuria tunazo. Tufanye nini?

Kwanza, mzee apimwe uzito kila mwezi na kilo ziandikwe. Zikipungua, mpelekeni kwa daktari au zahanati. Wengine kumeza kunawashinda, harufu ya chakula hawaisikii, au wanafunga choo.

Pili, apewe chakula kidogo kidogo, mara tano kwa siku: uji wenye njugu zilizosagwa, viazi vitamu, ndizi, avokado. Akae wima, asiharakishwe.

Tatu, kama anatumia levodopa, ainywe nusu saa kabla ya chakula au saa moja baadaye. Nyama, maharagwe, maziwa na mayai hushindana na dawa hiyo kuingia mwilini, na mzee anabaki amekakamaa. Si ati tumnyime vyakula hivyo, maana atazidi kukonda. Mwulizeni daktari kama sehemu kubwa yake inaweza kuliwa jioni. Na dawa isikatwe ghafla hata siku moja, ni hatari.

Katika mkutano wenu ujao jiulizeni: ni nani hapa kijijini anayetetemeka na kukonda, na ni nani kati yetu atakayemtembelea wiki hii? Tukienda, twende na kitu cha kupika, maneno ya majirani tuyaache njiani.