Meja Jenerali Fatuma Ahmed: Miaka 41 Hadi Ukamanda



Fatuma Gaiti Ahmed alijiunga na jeshi mwaka wa 1983. Siku hizo wanawake walihudumu katika kikosi chao cha kando. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka wa 1999, wakaingizwa katika majeshi pamoja na wanaume, naye akawa afisa wa Jeshi la Wanahewa.

Mwaka wa 2015 alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kufikia cheo cha Brigedia. 2018, wa kwanza kuwa Meja Jenerali. Mei 2024 aliteuliwa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Tangu jeshi hilo liundwe mwaka wa 1964, halikuwa limewahi kuongozwa na mwanamke.

Piga hesabu: kati ya miaka hiyo 41, 16 ilipita akiwa katika kikosi cha kando. Kilichobadilika 1999 ni kanuni, si uwezo wake.

Basi wazazi, binti akitaja jeshi, asiambiwe hiyo ni kazi ya wavulana. Na usajili wa makurutu ni bure. Anayedai hongo aripotiwe kwa polisi.