Nani Amkague Mtoaji? Ruzuku ya Shule na Wajibu wa Idara Inayoitoa

  

Nimeombwa nizungumzie jinsi serikali inavyosimamia ruzuku zake. Ruzuku ni nyingi, na mhadhara mmoja hauwezi kuzibeba zote. Nimechagua moja ambayo karibu kila aliyemo ukumbini ameguswa nayo, ama akiwa mzazi, ama mwalimu, ama mwanafunzi: ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi Tanzania Bara, ile ambayo walimu wakuu wengi wameizoea kwa jina la kapitesheni.

Hoja yangu naitaja mapema ili mnipime nayo. Kwa zaidi ya miaka 20 tumejitahidi kuweka utaratibu wa kumkagua anayepokea ruzuku, na jitihada hiyo imezaa matunda. Anayeitoa hatujamwekea utaratibu wenye uzito huo. Matokeo yake, mwalimu mkuu anatakiwa kutoa maelezo juu ya kila shilingi iliyomfikia, wakati shilingi ambayo haikumfikia, au iliyomfikia ikiwa imechelewa, haina wa kuitolea maelezo.

Ahadi na safari yake

Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, shule ziliahidiwa ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Dola moja wakati huo ilikuwa chini kidogo ya shilingi 1,000, kwa hiyo ahadi ile ilikaribia shilingi 10,000. Fedha zilitoka Hazina, zikapita halmashauri, ndipo zikafika shuleni. Tafiti za kufuatilia matumizi ya umma zilizofanyika miaka iliyofuata zilionyesha jambo ambalo walimu walikuwa wakilisema tangu mwanzo: kiasi kilichofika kilikuwa pungufu ya kile kilichoahidiwa, na hakuna aliyeweza kumwambia mwalimu mkuu fedha zitaingia lini.

Mageuzi makubwa yalikuja na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne. Januari 2016 serikali ilianza kupeleka fedha kila mwezi moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kiasi cha awali kwa nchi nzima, ukijumlisha fidia ya ada na chakula cha wanafunzi wa bweni, kilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 18 kwa mwezi. Kituo kimoja cha njiani kikaondolewa, na pamoja nacho kikaondoka kisingizio kilichozoeleka kwamba fedha bado ziko halmashauri. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na walioufanya wanastahili pongezi.

Lakini tazameni kiwango. Ruzuku ya shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, yaani tarakimu ileile ya siku za MMEM, ingawa kufikia mwaka 2016 dola moja ilikuwa imepita shilingi 2,000. Katika hizo 10,000, shilingi 4,000 zilibaki serikalini kwa ununuzi wa vitabu, na 6,000 ndizo zilizopelekwa shuleni. Gawanya kwa miezi 12, unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi.

Shilingi 500 zikifika shuleni

Tuchukue shule ya mfano yenye wanafunzi 400. Kwa kiwango hicho akaunti yake inaingiziwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwalimu mkuu anaitisha kamati ya shule. Wajumbe wanapitia mahitaji: chaki, rimu za karatasi, uchapaji wa mitihani ya muhula, madaftari ya mahudhurio, mpira wa michezo, kitasa cha ofisi kilichoharibika, bati lililong'oka mwezi wa mvua. Wanakubaliana, muhtasari unaandikwa na kusainiwa. Hati ya malipo inaandaliwa, watia saini wanakwenda benki, mali inanunuliwa, stakabadhi inarudi na kuhifadhiwa kwenye jalada. Afisa Elimu Kata akipita, au mkaguzi wa ndani wa halmashauri akifika, jalada hilo ndilo la kwanza kuulizwa.

Sasa tuzilinganishe shule mbili. Ya kwanza ina wanafunzi 150 na iko kijijini, mbali na benki. Mgao wake kwa mwezi ni shilingi 75,000. Ya pili ina wanafunzi 1,200 na iko mjini, na mgao wake ni shilingi 600,000. Zote mbili zinahitaji ofisi yenye mlango unaofungwa, madaftari ya serikali, na mtu wa kwenda benki. Katika shule ya kijijini, nauli ya watia saini kwenda na kurudi inaweza kumeza fungu zima kabla chaki haijanunuliwa. Kanuni ya kugawa kwa kichwa inaonekana ya haki kwa sababu kila mtoto amepewa sawa, lakini mtoto wa shule ndogo anabakiwa na kidogo zaidi gharama zisizokwepeka zikishalipwa. Mkaguzi akikagua jalada la shule hiyo atakuta kila kitu kimenyooka, kwa sababu upungufu umo ndani ya kanuni yenyewe.

Kugawa kwa kichwa kuna jaribu lake pia. Idadi ikigeuka fedha, idadi huanza kuvimba. Mwaka 2016 uhakiki wa serikali ulibaini maelfu ya wanafunzi hewa kwenye orodha za shule, na baadhi ya walimu wakuu walichukuliwa hatua. Ilikuwa haki kuhakiki. Funzo kwa idara inayotoa ruzuku, hata hivyo, ni kwamba takwimu inayozaa fedha isitegemee mkono mmoja wa anayenufaika nayo, na uhakiki uwe kazi ya kila mwaka, usisubiri tetesi.

Funzo la Uganda

Wanaosoma usimamizi wa fedha za umma wanaufahamu utafiti wa Ritva Reinikka na Jakob Svensson uliofanyika Uganda. Waliangalia shule za msingi 250 katika wilaya 18, wakilinganisha ruzuku iliyotolewa na serikali kuu kati ya mwaka 1991 na 1995 na ile iliyopokewa shuleni. Kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu. Shule nyingi hazikupata chochote. Vitabu vya serikali kuu vilionyesha kwamba fedha zimetoka, na kweli zilikuwa zimetoka. Zilipotelea katika ngazi ya wilaya, na shule hazikuwa na habari kwamba zina haki ya kudai.

Serikali ya Uganda ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya ruzuku, zaidi ya asilimia 80, ilikuwa ikifika. Wapo watafiti waliotahadharisha kwamba sifa zote zisipewe magazeti, kwa kuwa kipindi hichohicho Uganda ilikuwa imefuta ada, imeongeza bajeti ya elimu, na imekaza usimamizi wa fedha kwa ujumla. Tahadhari hiyo naikubali. Hata hivyo jambo moja limebaki imara: mzazi asiyejua shule yake imepangiwa kiasi gani hawezi kuuliza kimekwenda wapi.

Zingatieni aina ya habari iliyotangazwa. Haikuwa ripoti ya shule kwenda juu. Ilikuwa serikali ikijifunga hadharani kwa kusema imetoa nini, kwa nani, na lini.

Ukaguzi wetu unaona nini

Kwetu, Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali ana mamlaka ya kikatiba, kwa Ibara ya 143, kukagua fedha zote za umma. Ripoti yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi kila mwaka, kisha Bunge, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi wa halmashauri. Halmashauri ikipata hati yenye shaka, nchi nzima inasikia. Ngazi ya shule na zahanati nayo imepata mfumo wake wa kielektroniki wa uhasibu, FFARS, uliosambazwa kuanzia mwaka 2017, hivyo kituo cha huduma kinaweza kurekodi mapato na matumizi yake chenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo, na linazidi kuwa bora.

Tunajua pia kuandika masharti yanayoeleweka. Ruzuku ya maendeleo ya serikali za mitaa iliyoanza katikati ya miaka ya 2000 iliweka vigezo vya chini ambavyo halmashauri ilipaswa kuvitimiza ndipo ipate fedha, kama vile kufunga hesabu kwa wakati na kuwa na ukaguzi wa ndani unaofanya kazi. Tathmini ilifanyika kila mwaka. Aliyefanya vizuri aliongezewa, aliyelegea alipunguziwa. Watendaji wa halmashauri walizijua kanuni kabla ya mchezo kuanza, na wengi walirekebisha mambo ambayo mafunzo na waraka havikuwa vimeyarekebisha.

Lakini katika mifumo yote hii, anayepimwa ni mpokeaji. Fedha zikichelewa kufika shuleni kwa miezi mitatu, jalada la shule litaonyesha kwamba hakuna matumizi, na hakuna hoja ya ukaguzi itakayoandikwa dhidi ya shule. Ndivyo inavyopaswa. Swali ni kama ipo hoja inayoandikwa kwa jina la aliyechelewesha, kwa kila mwezi na kila shule, mahali ambapo mzazi anaweza kuisoma.

Fedha peke yake

Kuna jambo la pili ambalo idara inapaswa kulitazama kwa ujasiri. Kati ya mwaka 2013 na 2014, katika mradi wa KiuFunza, watafiti walioshirikiana na shirika la Twaweza walifanya jaribio katika shule za msingi 350 za Tanzania. Kundi moja la shule lilipelekewa ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, moja kwa moja. Kundi jingine halikupewa ruzuku hiyo, ila walimu waliahidiwa motisha kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu aliyefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na shule zilizobaki hazikupata nyongeza yoyote.

Ruzuku peke yake haikuinua ufaulu kwa kiwango kinachoonekana. Sehemu ya sababu ni kwamba wazazi, walipoona shule imepata fedha, walipunguza matumizi yao wenyewe. Vyote viwili vilipoungana, watoto walijifunza zaidi, na faida ilipita ile ya ruzuku na ya motisha zikijumlishwa.

Naomba matokeo haya yasigeuzwe kuwa sababu ya kupunguza ruzuku. Darasa lisilo na chaki halihitaji utafiti. Yanachotufundisha ni kwamba idara inayojiuliza tu kama fedha zimetumika kwa mujibu wa mwongozo inaweza kupata hati safi mwaka baada ya mwaka, huku mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma sentensi. Wathibiti ubora wa shule wanaingia darasani. Wakaguzi wa hesabu wanaingia ofisini. Ripoti zao zikutane kwenye meza moja.

Ninachopendekeza

Kwanza, kiwango cha ruzuku kipitiwe kila mwaka wakati wa bajeti kwa kulinganishwa na bei halisi za mahitaji ya shule, na Bunge lielezwe sababu kiwango kinapobaki palepale. Kiwango kisichoguswa wakati bei zinapanda ni kiwango kilichopunguzwa, na upunguzaji wa namna hiyo unapaswa kujadiliwa na kupigiwa kura kama mwingine wowote.

Pili, kila shule ipate kwanza fungu la msingi lisilotegemea idadi, kisha ndipo mgao wa kichwa ufuate. Shule ya wanafunzi 150 itaweza kulipa nauli ya benki bila kumnyang'anya mtoto chaki.

Tatu, Hazina na TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, watangaze kalenda ya mgao mwanzoni mwa mwaka wa fedha, na kila mwezi watangaze shule kwa shule kiasi kilichopangwa, kilichotumwa, na tarehe kilipotumwa. Taarifa hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na ofisi za vijiji na mitaa, zikisomeka kwa Kiswahili chepesi. Takwimu tayari zimo katika mifumo ya malipo. Kinachotakiwa ni uamuzi wa kuzitoa.

Nne, Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, kila mwaka, achague sampuli ya shule na akague ahadi ya mtoaji: kiasi, wakati na usawa. Idara nayo ipate hati yake kwa kipimo hicho, na katibu mkuu ahojiwe na kamati ya Bunge kwa ukali uleule anaohojiwa nao mkurugenzi wa halmashauri.

Najua idara zina uchache wa watu na fedha, na kwamba makusanyo ya kodi hayaji kwa mstari ulionyooka. Mwezi ambao fedha hazikutosha, idara iseme hazikutosha, itaje pengo, na ieleze litazibwa lini. Kamati ya shule yenye wakulima na wafanyabiashara wadogo inaelewa mwaka mbaya. Isichoweza kupanga nacho ni ukimya.

Fedha za ruzuku ni za wananchi, na idara ni mdhamini tu. Mwalimu mkuu anaweka jalada lake mezani kila anapokuja mkaguzi. Naiomba serikali nayo iweke lake.