Mtoto Amelala Wapi?



Wengi wetu tungali twakumbuka mwisho wa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi wao. Hapo swali la kwanza halikuwa juu ya mwenendo wa mtoto, bali amekula nini na atalala wapi.

Leo twamzungumzia mtoto aliye mgumu zaidi kupokelewa, yaani aliyezaliwa nyumbani mwetu, naye akatushangaza.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa riwaya ya Rosa Mistika, ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Humo baba ampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Binti ajifunza woga, si busara, na mwisho wake ni mauti.

Mwaka 2019 Akwaeke Emezi, mzaliwa wa Nigeria, aliwaandikia vijana kitabu kiitwacho Pet. Jam, aliyehesabiwa mvulana alipozaliwa, asema tangu utotoni kwamba yeye ni msichana. Wazazi wake wamsikiliza. Uovu wa hadithi hiyo haumo kwake. Umejificha katika nyumba ya rafiki yake, ambamo mtoto aumizwa na ndugu wa damu, na watu wazima hawataki kuamini.

Je, tunakubali yote yaliyomo? Hapana. Hati ya Kanisa Dignitas Infinita ya mwaka 2024 yakataa kubadili jinsia. Lakini hati hiyohiyo yafundisha kwamba heshima ya kila binadamu haipotei katika hali yoyote. Hatuna ruhusa ya kushika nusu na kuacha nusu. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamdai mzazi chakula na malazi kwa mwanawe; haikuongeza, "isipokuwa akikuaibisha."

Basi, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mzazi akiwajia usiku akilia kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo, msianze na majirani watasema nini. Siri yake isiwe habari ya jumuiya. Mwulizeni kwanza: mtoto amelala wapi? Kama hajui, inukeni mkamtafute pamoja naye.