Uvimbe wa Ubongo Haungoji



Leo nasema nanyi juu ya uvimbe unaoota ndani ya ubongo na katika mishipa ya fahamu.

Kwanza tujue kwamba uvimbe huu si wa namna moja. Upo uliohamia kutoka kwingine, kama katika mapafu au matiti yenye saratani. Upo pia uliozaliwa humo humo. Glioma hutoka katika chembe zinazoushikilia ubongo wenyewe. Meninjioma hutoka katika utando unaoufunika. Mara nyingi si saratani, nao hukua polepole. Mwingine huota katika tezi ya pitutari, mtu akawa haoni vizuri pembeni. Mwingine hushika mshipa wa kusikia, sikio moja likafa taratibu. Watoto nao hupata medulobulastoma, nyuma ya kichwa. Mtoto huyumba na kutapika.

Shirika la Afya Duniani huupanga kwa daraja, 1 mpaka 4. Wa 1 ni mpole, wa 4 ni mkali. Lakini fuvu halitanuki! Hata uvimbe mpole, ukikosa nafasi, huweza kuua.

Je, hujulikanaje? Daktari huanza kwa kuuliza. Kichwa huuma zaidi alfajiri? Maumivu yazidi wiki kwa wiki? Mkono umelegea? Humulika ndani ya jicho, aone kama mshipa wake umevimba. Kisha huja picha. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kazi hiyo. Siku hizi MRI huonyesha zaidi. Mwisho hukatwa kipande kikapimwa kwa hadubini. Hapo ndipo aina yake hujulikana kwa hakika.

Ndugu zangu, si kila kichwa kiumacho kina uvimbe, vingi havina. Lakini mtu mzima asiyepata kuanguka kifafa maishani, akianguka leo, msiseme ni pepo. Msimzungushe kwa waganga miezi sita, uvimbe ukizidi kula nafasi. Mpelekeni hospitali, mkaombe apigwe picha. Pale Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili hupasua ubongo, na wapasuaji ni wananchi wenzetu.

Ugonjwa hauoni haya. Nasi tusione haya kuuliza.